Sindano ya Bulaya, Maharagi ya Katogota

Weye uliyekaa kwenye lile benchi refu kando ya ukuta wa hospitali, kitambaa mdomoni, unaangalia mlango wa munganga kama vile mlango una meno: ninakuandikia weye. Mimi pia nilikaa hapo. Ninajua ule ubao unavyouma wakati makalio yamebaki mifupa. Ninajua unavyojifanya kuangalia mitumbwi ziwani ili usimsikie mwenzako wa pembeni anavyokohoa. Nimepona. Sasa hivi ninapoandika nina sombe jikoni, majani ya muhogo, inachemka, na nikisikia harufu inabadilika nitakuacha kidogo nikaigeuze. Usikasirike.

Nilisoma kwa masera, wale watawa wa misheni, miaka michache tu, nikajifunza kuandika, kushona na kuimba sauti ya pili. Kwa hiyo usiningoje nikueleze kifua kinaharibikaje. Hilo muulize munganga. Mimi nitakueleza mengine, yale ambayo hakuna mtu aliyenieleza.

Kikohozi changu kilianza kiangazi, wakati watu wa uwanda wa Ruzizi wanachoma mashamba na moshi unateremka mpaka kwetu Mulongwe. Nyumba nzima tulikohoa. Hata kuku walikohoa. Mvua za kwanza zikaja, moshi ukaisha, kuku wakanyamaza, mimi nikaendelea. Sikujali, maana kichwa changu kilikuwa mbali. Nilikuwa na ndoto ya kibanda cha chakula kule Kalundu, karibu na bandari, chenye dirisha la buluu, ambapo wapakizi na mabaharia wangekaa kula. Nilipokuwa natwanga sombe nilikuwa nagombana na wateja ambao hawajazaliwa bado. «Hapana baba, nyama ya pili hailetwi bure!» Mdogo wangu Feza akinikuta nazungumza na kinu anacheka mpaka anakaa chini.

Mpishi wa nyumba nilikuwa mimi. Mama alikuwa na shamba la ukoo wake Katogota, na nyakati za kupanda na kuvuna alikuwa anakaa huko, anatutumia maharagi, mihogo na mchele kwa malori ya pamba. Baba alikuwa anafanya kazi bandarini. Na Shangazi, dada mkubwa wa Baba, mjane, alikaa nasi uani, akitawala kila kitu kutoka juu ya kiti chake kidogo.

Siku moja nikipika, nilikohoa ndani ya kiganja, nikaona wekundu. Nikafikiri ni mawese. Nikapangusa mkono kwenye kitambaa cha jikoni, nikaendelea kukaanga kitunguu. Nilipokohoa tena ndipo nikakumbuka kwamba siku ile chupa ya mawese sikuwa nimeigusa.

Walinilaza katika nyumba ya wagonjwa wa kifua, ambayo ilijengwa peke yake nyuma ya hospitali, kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Sindano kila asubuhi, upande huu leo, upande ule kesho, mpaka nikawa nakaa kwa ubavu kama kuku anayeatamia. Baada ya muda masikio yakaanza kuimba. Usiogope weye, lakini mwambie munganga. Mimi nilichelewa kusema kwa sababu nilidhani ni panzi wa nje. Nikitembea nilikuwa nayumba kama mtu aliyetoka kunywa. Bangili zangu ziliteremka zenyewe nikinyoosha mkono, na pagne yangu ya kitenge iliyokuwa inanizunguka mara moja ikaanza kunizunguka mara mbili.

Sasa nikuambie habari ya Baba yangu na chakula.

Munganga alimwambia neno moja tu: «Mutoto huyu anapashwa kula muzuri.» Baba alitoka pale akaenda moja kwa moja dukani. Alirudi na maziwa ya mukebe, sardini, na mkate mweupe umefungwa kwenye karatasi. Akavipanga kwenye kitanda changu kama mahari.

«Baba,» nikasema, «na bugali?»

Akakaa. Akavua kofia. Baba yangu akivua kofia ujue amefikiri sana.

«Sifa, mutoto wangu. Ile sindano ilitoka wapi?»

«Bulaya, Baba.»

«Aya. Inasafiri bahari yote ile, inafika ndani ya tumbo yako, inakuta ndagala na sombe. Batasalimiana na luga gani?»

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Yeye hakucheka. Alikuwa anaamini kabisa. Na hakuwa peke yake. Wapakizi wenzake wote bandarini walikuwa wanasema hivyo hivyo, kwamba dawa ya mzungu ikikutana na chakula cha shamba vitagombana, na anayepigwa katika ugomvi ule ni mgonjwa. Shangazi naye akakubali, kwa hiyo neno likawa sheria. Kila alipopata nafasi Baba aliniletea mikebe, na Feza alikatazwa kunipelekea hata kiazi.

Nilijaribu. Nilimpenda Baba, na niliona viatu vyake vilivyokuwa vinaanza kucheka mbele. Lakini maziwa yale matamu yalinikaba kooni, na sardini nilipoifungua harufu yake iligeuza tumbo langu lote. Mkate niliutafuna ukawa pamba. Nilikuwa nalala naota mvuke. Mvuke tu wa chungu, bila hata chakula.

Kitanda cha pembeni alilala mama mmoja Murundi kutoka Mutarule, Mama Niyonzima. Alikuwa mkulima, mikono mikubwa, sauti kubwa zaidi. Mkwe wake alikuwa amekuja kukaa uani pa hospitali kama ndugu wa wagonjwa wengi, na kila siku alimpikia maharagi na ndizi kwenye mafiga matatu. Mama Niyonzima alikuwa anakula macho yake yakiwa kwenye mikebe yangu.

Siku moja akashindwa kuvumilia.

«Yoo, mwana wanje! Ile kasamaki ka ndani ya mukebe, kalilala mule tangu lini?»

«Sijui, Mama.»

«Kako na kichwa?»

«Walikata.»

«Basi hakawezi kutusikia. Leta nionje.»

Akaonja. Akafunga macho. Akalamba kidole, akalamba na kile ambacho hakikuguswa. Halafu akasukuma sahani yake ya enamel kuelekea kwangu bila neno lolote. Maharagi yalikuwa mekundu, laini, ndizi zimepasukia ndani yake, juu mawese na pilipili moja nzima imeelea. Nilikula mpaka nikasikia bati la sahani chini ya kidole. Nililia kidogo, sikuficha, na yeye akaniambia machozi yanapunguza chumvi mwilini, niache.

Kuanzia hapo tukawa na soko letu kati ya vitanda viwili. Mukebe unaenda huku, maharagi yanakuja huku. Masera aliyekuwa anapita na makopo ya kutemea alituona akageuza uso, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Halafu mvua kubwa zikaja. Mto Mulongwe ulifura, ukateremsha mawe makubwa kama ng'ombe, ukaingia kwenye nyumba za majirani zetu. Baba alikwama ng'ambo, mikebe ikakwama pamoja naye. Muda ule wote nilikula chungu cha Mutarule peke yake. Mkwe wa Mama Niyonzima alikuwa anaongeza kila siku kitu alichokiokota uani au alichopewa na wavuvi: lengalenga, mchicha wetu, zilizoota kando ya mfereji, ndagala, dagaa wa ziwa, zilizokaushwa, kiazi kilichochomwa kwenye majivu. Nilianza kumsaidia kuchambua na kupepeta, nimekaa kwenye jua, na alinisifu kwamba nachambua haraka kwa mtu aliyekufa nusu.

Maji yalipopungua Baba alikuja, matope mpaka magotini, mukebe wa maziwa umefungwa kifuani ndani ya shati. Alinikuta juu ya mizani. Munganga alisukuma lile jiwe la mizani mbele, akalisukuma tena mbele, akasema: «Ameongezeka. Vizuri sana.»

Baba akainua ule mukebe juu mbele ya watu wote wa benchi. «Munaona? Munaona bandugu? Maziwa ya Bulaya!»

Mimi niliangalia miguu yangu. Ningeweza kunyamaza mpaka leo. Lakini Mama Niyonzima alikuwa nyuma, anangoja zamu yake ya mizani.

«Baba wa Sifa,» akasema, «Mungu akubariki. Sardini yako ni minye nilikuwa naikula.»

Benchi zima likageuka kumwangalia.

«Na maziwa pia. Na mukate, lakini mukate haiko kitu, nilipatia ndege. Mutoto wako amenenepa na maharagi yangu. Sasa kama unataka kuleta mukebe ingine, usiache. Minye niko.»

Munganga alikaa chini kwa kicheko. Baba alimwangalia Mama Niyonzima, akaniangalia mimi, akaangalia mukebe. Nilidhani atakasirika. Akauliza, polepole kabisa: «Na haikugombana ndani ya tumbo?»

«Hapana, Baba.»

«Hata kidogo?»

«Walisalimiana vizuri, Baba.»

Munganga akamweleza kwamba sindano inafanya kazi yake, na mwili unataka chakula ambacho mgonjwa anaweza kukimeza, na maharagi, samaki wa ziwa na majani ya shamba vinatosha kabisa. Baba akavaa kofia. Mukebe akampa Mama Niyonzima kwa mikono miwili, kama inavyopasa kumpa mkubwa kitu. Tangu siku hiyo akatangaza kwamba nyumbani kwake hakitaingia chakula chochote ambacho hakikuota kwenye udongo wetu au kuogelea kwenye ziwa letu. Baba yangu ni mtu wa kugeuka mzima mzima, hajui nusu.

Kiangazi kilipofika nikaruhusiwa kulala nyumbani, sindano niende kuchomwa kwa siku zilizopangwa. Nilirudi nikiimba. Nilifikiri nitaingia jikoni siku hiyo hiyo.

Shangazi alikuwa amenitayarishia mahali. Mkeka wangu pembeni ya mlango. Sahani yangu, kikombe changu, na kijiko, vyote vimefungwa uzi mwekundu ili visichanganyike na vya watu. Na akaniambia neno lililonikata kuliko sindano zote:

«Mafiga usiguse, mutoto wa ndugu yangu. Muntu wa kifua hapikie bantu. Hata kwa baba yetu ilikuwa hivyo.»

Usimchukie. Shangazi alizika watoto wawili, na wote wawili walikwenda wakikohoa. Mimi nilijua, ndiyo maana sikumjibu. Lakini nilikaa pale kwenye mkeka, nikiona wenzangu wanazunguka sahani moja ya bugali, vidole vinagongana, wanacheka, na mimi na sahani yangu kama mgeni aliyekosa njia. Walizungumza nami kwa sauti ya chini, ile sauti ya kanisani. Siku zile za kwanza hakuna aliyenitania. Baba alikuwa akila mgongo wake umenielekea, nikajua ni kwa sababu hawezi kuvumilia kuniona hivyo.

Mama aliporudi kutoka Katogota aliona ule uzi mwekundu. Yeye na Baba waliongea nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia Mama akisema: «Chagua.» Baba akajibu: «Ni dada yangu mukubwa, nichague nini?» Mama akarudi shambani mapema, hasira yake amefunga pamoja na jembe. Huo nao ni ugonjwa, ndugu msomaji. Unampata mmoja, unakohoza nyumba nzima.

Feza ndiye aliyebaki mpishi. Masikini Feza! Sombe yake ilikuwa na nyuzi kama kamba ya mbuzi. Kwa hiyo mimi nilipika kwa mdomo. Nilikaa mkekani nikapiga kelele.

«Feza, punguza moto!»

«Nimepunguza!»

«Nasikia inavyochemka, haujapunguza!»

«Masikio yako si yanaimba? Unasikiaje chungu?»

Hivyo ndivyo tulivyojifunza, yeye kupika na mimi kukaa. Na nitakuandikia hapa yaliyonisaidia, maana hamu ya chakula haiji kwa kuitwa. Asubuhi, uji wa mtama mwembamba na karanga zilizopondwa ndani, unywe kwenye jua. Ndagala kavu zitwange ziwe unga, uzitie kwenye maharagi. Mgonjwa hatasikia harufu, lakini nguvu zitakuwemo. Lengalenga usizipike mpaka zikate tamaa. Zikilala tu, toa. Ukipata samaki mukeke mbichi, mchome kwenye makaa na ndimu. Bugali mdogo mara nyingi ni bora kuliko mlima mmoja unaokutisha. Na sindano usiache hata siku moja kwa sababu maharagi yamekunenepesha. Mama Niyonzima aliniagiza niseme hivyo. Mwenzetu mmoja aliacha, na kitanda chake kikapewa mtu mwingine.

Mvua zikaanza tena, zikaisha. Siku moja munganga aliangalia makohozi yangu, akamwita Baba ndani. «Safi,» akasema. «Tena safi. Anaweza kula na bantu, kupika, kubeba batoto. Hana kitu ya kuwapatia.»

Baba alilisema neno hilo uani, kofia mkononi. Shangazi aliendelea kuchagua mchele.

«Munganga halali mu nyumba yangu,» akasema.

Basi.

Maharagi mapya yalikuwa yamefika kutoka Katogota. Kwetu maharagi mapya hayaliwi hivi hivi. Ukoo unakutana, chungu kimoja kinapikwa, na anayeanza ni dada mkubwa wa baba. Asipotia mkono, hakuna wa kutia. Mama alikuja nayo mwenyewe juu ya lori, akateremsha gunia, akaniwekea mbele yangu mkekani, mbele ya watu.

«Sifa atapika,» akasema.

Kila mtu aliangalia kiti kidogo. Shangazi hakukubali, hakukataa. Aliangalia milima.

Nilisimama. Nikuambie ukweli, niliogopa kuliko siku ya sindano ya kwanza. Nilijua kinachopimwa. Kama Shangazi atakataa mbele ya ukoo wote, hiyo haitakuwa tena habari ya mkeka na uzi. Nitakuwa mtu wa kifua mpaka kufa. Sitapika nyumbani, sitaolewa kwenye nyumba ya mtu nikapika, na kibanda changu cha Kalundu nitafute wateja wapi, wakati shangazi yangu wa damu ameogopa mkono wangu?

Baba alinong'ona kwamba labda aongeze sardini, kwa heshima ya wageni. Nilimwangalia tu. Akarudi kukaa.

Nilipika maharagi mapya na ndizi za uani. Nikatwanga sombe mwenyewe, nikapumzika, nikatwanga tena, nikatia karanga na mawese. Ndagala nikazikaanga mpaka zikalia. Bugali nikasonga, na Feza akashikilia sufuria, anacheka na kulia pamoja, ananiambia nipunguze moto. Sikukohoa. Mara moja koo liliniwasha kwa pilipili, nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikameza mate mpaka likapita.

Tukatandika mkeka mkubwa. Vyungu vikawekwa katikati. Watu wakanawa. Halafu mikono yote ikakaa juu ya magoti, maji yanadondoka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya nguzo ya jikoni, nimeishika.

Shangazi aliangalia chungu kwa muda mrefu sana. Aliangalia mikono yangu. Midomo yake ikatembea kidogo, sijui kama alikuwa anaomba au anawaita wale wawili wake. Kisha akamega bugali, akaviringisha, akabonyeza kwa dole gumba, akachovya kwenye maharagi yangu, akala.

Alitafuna polepole. Akameza. Akakunja uso.

«Sifa!»

Sauti ile! Sio ya kanisani. Ile ya zamani, ya kufukuza mbuzi.

«Abee, Shangazi!»

«Baba yako amesema mu nyumba hii tunakula tu vitu ya shamba. Aya, muzuri. Chumvi hailimwi Katogota, nimesikia. Lakini pale dukani iko! Haya maharagi umepikia nani? Bafu ba makaburini?»

Nilikuwa nimesahau chumvi. Kwa ile hofu, nilisahau chumvi kabisa, katika kila chungu.

Mama alianza, mkono mdomoni. Halafu Baba. Halafu uani kote watu walicheka mpaka kuku wakakimbia, na mimi nilicheka na kulia nikishikilia nguzo, kwa sababu tangu nilipougua hakuna mtu aliyekuwa amenigombeza. Feza alikimbia kuleta chumvi. Shangazi hakuingoja. Alikuwa tayari anamega tonge la pili, na la tatu, ananung'unika kila mara anapomeza, na mikono mingine yote ikaingia nyuma ya mkono wake.

«Na weye unasimama nini kama nguzo ya pili?» akaniambia, anasogea na kuvuta mkeka kando yake. «Ikaa hapa. Kula makosa yako.»

Nikakaa. Vidole vyangu vikagongana na vyake ndani ya maharagi yasiyo na chumvi, akanisukuma nje ya upande wake wa chungu, na mimi nikamsukuma.